Kutoka vocha hadi hati ya ukaguzi: hesabu za shirika la hisani Nyanda za Juu Kusini

Mkaguzi wa hesabu akifika ofisini mwezi Machi, sehemu kubwa ya atakachoandika ilishaamuliwa mwaka uliopita. Iliamuliwa siku bodaboda alipolipwa shilingi 15,000 kwenda kijijini Makete bila mtu kusaini popote, na siku mratibu alipotoa milioni mbili benki "za semina" halafu karatasi zikarudi baada ya miezi mitatu. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye vocha (hati za malipo) na kwenye kufunga mwezi, na unapita haraka kwenye siku zenyewe za ukaguzi. Umelenga mashirika madogo na ya kati ya Mbeya, Songwe, Iringa na Njombe: lile lenye mhasibu mmoja, wafadhili wawili watatu, pikipiki, na stoo yenye magunia ya mahindi.

Mnatoa hesabu kwa nani

Shirika lililosajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali ya mwaka 2002 linawajibika kwa Msajili wa NGO, aliye chini ya wizara ya maendeleo ya jamii. Huku mikoani na wilayani kazi yake hufanywa na wasajili wasaidizi, ambao ndio maofisa maendeleo ya jamii mnaokutana nao kila siku. Kila mwaka mnaandaa taarifa ya kazi na taarifa ya fedha iliyokaguliwa, na zote mbili ziwe wazi kwa umma. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2019, cheti hudumu miaka 10 kisha huhuishwa. Miaka kumi inaonekana mingi, lakini kutafuta hesabu za mwaka wa tatu ukiwa mwaka wa kumi, mhasibu wa wakati ule akiwa alishahamia Dar es Salaam, si kazi ya wiki moja.

Kanuni za 2018, zilizotoka kwa Tangazo la Serikali Na. 609, ziliongeza jambo ambalo mashirika ya wilayani hulisahau. Ufadhili ukizidi shilingi milioni 20, mkataba wake unapelekwa kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10 tangu kusainiwa, na fedha zilizopokelewa pamoja na matumizi yake hutangazwa kwa umma kila nusu mwaka. Siku 10 huisha haraka mkataba ukiwa umesainiwa Ulaya na nakala inasubiriwa kwa barua pepe. Andika tarehe ya saini kwenye kalenda ya ukutani siku hiyohiyo.

Kama bodi yenu ya wadhamini imesajiliwa RITA (Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini) chini ya sheria ya wadhamini, Sura 318, mara nyingi kwa sababu ya kumiliki kiwanja, mna taarifa za kuwasilisha huko pia. Mamlaka ya Mapato (TRA) nayo inadai yake, na hiyo tutaifikia. Mfadhili ana mkataba wake. Hawa wote watasoma tarakimu zilezile, kwa hiyo zikipishana popote, mmoja wao atauliza.

Chati ya akaunti na mafungu

Kosa la kwanza kabisa hufanyika kabla shilingi moja haijatumika: vitabu hufunguliwa kwa kufuata aina ya matumizi peke yake, yaani mafuta, posho, kodi ya pango, bila kutenganisha fedha ya nani. Mwisho wa mwaka unajua mmetumia milioni 9 kwa mafuta ila hujui ngapi ni za mradi wa yatima na ngapi za mradi wa maji.

Kila muamala uwe na namba mbili: akaunti na fungu. Tuseme 5210 ni mafuta na vipuri, fungu 00 ni fedha zisizo na masharti, yaani michango ya wanachama, harambee na mapato ya bustani ya parachichi, fungu 01 ni mfadhili wa yatima, fungu 02 ni mfadhili wa maji. Mafuta ya pikipiki kwenda kukagua bomba yanaandikwa 5210/02. Majina ya mistari ya akaunti yafanane na mistari ya bajeti iliyo kwenye mkataba. Bajeti ikisema "usafiri wa ufuatiliaji", usiwe na akaunti inayosema "mafuta" na nyingine "nauli", halafu ukajumlisha kwa mkono kila robo mwaka.

Programu ya uhasibu ni nzuri, lakini kwa shirika lenye miamala 60 kwa mwezi, jedwali la kompyuta lenye safu za tarehe, namba ya vocha, maelezo, akaunti, fungu, kuingia, kutoka na bakaa (salio) linatosha. Hatari yake ni moja: mtu anaweza kubadili tarakimu ya Februari mwezi Novemba na isijulikane. Kila mwezi ukifungwa, chapisha, mhasibu na mratibu wasaini, weka kwenye faili. Hiyo nakala ndiyo kitabu chenu.

Vocha, na karatasi zilizo nyuma yake

Hati ya malipo iliyokamilika inajibu maswali yote bila mtu kuitwa kueleza: nani amelipwa, kwa ajili ya nini, kiasi kwa tarakimu na kwa maneno, akaunti na fungu, nani ameandaa, nani amehakiki, nani ameidhinisha, nani amepokea. Walioandaa na kuidhinisha wasiwe mtu mmoja. Katika ofisi ya watu watatu hilo ni gumu, na suluhisho la kawaida ni mweka hazina wa bodi kuidhinisha malipo yote juu ya kikomo fulani, hata kama anakaa Tukuyu na anapita ofisini mara moja kwa wiki.

Nyuma ya vocha zinabanwa ombi la matumizi, nukuu za bei kama ununuzi umevuka kikomo cha kanuni zenu za fedha, ankara, hati ya kupokea bidhaa, na risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi). Vocha zote zipewe namba zinazofuatana tangu Januari. Ikiharibika, iandikwe "IMEFUTWA" na ibaki kwenye faili. Namba iliyorukwa ndiyo kitu cha kwanza mkaguzi hutafuta.

Risiti ya EFD inahitaji uangalizi wake. Karatasi ile huandikwa kwa joto, si kwa wino, na kwa joto hilohilo huharibika. Miezi ya Juni na Julai ofisi za Njombe na Makete huwasha jiko la mkaa, faili likikaa karibu, risiti hugeuka nyeusi. Gundi ya selotepu ikipita juu ya maandishi, hufuta. Hata zikitunzwa vizuri, hufifia kadiri muda unavyopita. Toa fotokopi siku ileile, andika juu yake namba ya vocha, ubane halisi nyuma ya nakala. Kisha hakiki risiti kwa kupiga picha alama yake ya QR kwa simu: lije jina la muuzaji, tarehe na kiasi vinavyolingana na karatasi. Risiti ya duka la vifaa vya ujenzi kwa ununuzi wa dawa ni hoja ya ukaguzi, hata kama fedha ilitumika kihalali.

Vijijini hakuna EFD. Mama anayeuza kuni kwa ajili ya jiko la semina hana mashine, na kumtaka awe nayo ni mzaha. Kwa hao tengenezeni fomu ya uthibitisho wa manunuzi: jina, kijiji, namba ya simu, kilichouzwa, idadi, bei ya kimoja, jumla, saini au dole gumba, na saini ya mtumishi wa pili aliyeshuhudia. Kanuni za fedha ziseme fomu hiyo inaruhusiwa hadi kiasi gani kwa malipo moja. Bila kikomo, baada ya miezi sita nusu ya matumizi yatakuwa na fomu hizo, na mfadhili mkali atayakataa yote.

Halafu kuna orodha ya posho. Hapa ndipo mashirika ya hisani huumia kuliko mahali pengine popote, kwa sababu malipo ni madogo, ni mengi, na ni taslimu. Mkaguzi mzoefu hatazami jumla. Anatazama kalamu: watu 32, saini 32, mkono mmoja. Anatazama tarehe: semina ilifanyika Jumapili katika kijiji ambacho watu wote wako kanisani. Anaweka orodha ya Rungwe kando ya orodha ya Kyela na kukuta jina moja katika sehemu mbili siku moja. Anachukua ankara ya chakula ya sahani 45 na kuuliza wale 13 walikuwa nani. Labda ni wapishi, madereva na viongozi wa kijiji, lakini kama hawajaandikwa, jibu hilo linakuja kwa kuchelewa. Orodha nzuri ina namba ya simu ya kila mshiriki, saini ya kuhudhuria kwa kila siku, saini tofauti ya kupokea fedha, na mhuri wa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ikiwezekana, lipeni kwa simu kutoka namba ya shirika: taarifa ya miamala kutoka kampuni ya simu ina nguvu kuliko saini yoyote.

Kwa malipo ya simu, namba isajiliwe kwa jina la shirika. Fedha ya shirika kupita kwenye simu binafsi ya mhasibu, hata kwa saa moja, inachanganya mali mbili, na hakuna maelezo yatakayoitenganisha vizuri baadaye. Ada za kutuma na kutoa nazo ni matumizi, ziwe na mstari wake.

Masurufu

Mtumishi anayekwenda kazini na fedha anapewa masurufu, na masurufu si matumizi mpaka yarejeshwe kwa karatasi. Mkiyaandika kama matumizi siku yanapotoka, taarifa ya robo mwaka itaonyesha kazi ambayo haijafanyika. Tumieni daftari la masurufu lenye jina, tarehe, kiasi, madhumuni, tarehe ya kurejesha. Siku saba baada ya kurudi ni muda wa haki. Barabara za Ludewa wakati wa masika zinaweza kuongeza siku tatu, si miezi mitatu. Kanuni inayofanya kazi ni moja tu: asiyerejesha ya kwanza hapewi ya pili, na mratibu naye asamehewe na nani? Asisamehewe.

Usuluhishi wa benki

Kila mwezi, kabla ya tarehe 10 ya mwezi unaofuata, linganisha daftari la fedha na taarifa ya benki. Tuuchukue mwisho wa Desemba wa shirika la mfano. Daftari linasema bakaa ni 6,482,000. Benki inasema 7,915,000. Tofauti ni 1,433,000, na mhasibu asiye mzoefu ataanza kusaka muamala mmoja wa kiasi hicho. Hatauona, kwa sababu ni mchanganyiko.

Upande wa benki kuna hundi mbili zilizotolewa ambazo wenyewe hawajazipeleka, 640,000 na 260,000. Ondoa 900,000 kwenye tarakimu ya benki, inabaki 7,015,000. Upande wa daftari kuna ada za benki 27,000 ambazo hamkuziandika, na 560,000 zilizoingia tarehe 28 kutoka kwa mtu asiyejulikana. Toa 27,000, ongeza 560,000, nalo linafika 7,015,000. Pande zote zimekutana.

Hundi zinabaki kwenye orodha tu, zitajisafisha zenyewe Januari. Ila ikifika miezi sita hundi imepitwa na muda, mtafuteni aliyepewa. Ada za benki na ile 560,000 zinahitaji kuandikwa kwenye vitabu sasa. Ile 560,000 msiipeleke kwenye mapato haraka. Iwekeni kwenye akaunti ya muda, iulizieni benki jina la aliyetuma, na mkishajua ni nani na kwa ajili ya nini ndipo iingie fungu lake. Mashirika mengi yametumia fedha ya namna hii kulipia umeme, kumbe ilikuwa ya ada za shule za watoto wawili na mtumaji anasubiri stakabadhi za shule.

Mahindi, nguo na mashine ya kushonea

Msaada wa vitu ni mapato. Waumini wakileta magunia 40 ya mahindi, hayo ni mapato hata kama hakuna shilingi iliyopita benki. Pimeni kwa mizani kwanza: gunia si kipimo, na huku kwetu lumbesa (gunia lililojazwa kupita kiasi) inaweza kukudanganya kwa debe zima. Chukueni kilo, mseme magunia 40 ya kilo 100, kisha thamani kwa bei ya soko siku ya kupokea. Nendeni sokoni, iwe Mwanjelwa au soko la karibu yenu, ulizeni wafanyabiashara watatu, andikeni bei zao kwenye karatasi yenye tarehe. Bei ya kati ikiwa 60,000, mmepokea 2,400,000: inaingia kwenye mali ghalani na kwenye michango ya vitu.

Yanapogawiwa ndipo yanakuwa matumizi. Desemba 31, kadi ya stoo inaonyesha magunia 23 yametoka, kwa hiyo 17 yabaki. Mnahesabu, mnakuta 16 na nusu. Panya, unyevu, au mkono wa mtu. Msirekebishe kadi kimyakimya. Andikeni hasara ya nusu gunia, 30,000, kwa idhini ya mratibu na sababu yake. Mali ghalani inabaki 990,000. Mkaguzi anayeona hasara ndogo iliyoandikwa huamini stoo kuliko anayeona stoo isiyopungua hata kilo mwaka mzima.

Mitumba kutoka ng'ambo ni kichwa kingine. Thamani iliyoandikwa na mtumaji kwenye hati za forodha mara nyingi haina uhusiano na bei ya hapa. Tumieni bei ambayo kitu hicho kingepatikana hapa, mkishindwa kuipata kwa uhakika, elezeni idadi na aina kwenye maelezo ya hesabu bila kubuni tarakimu.

Fedha za kigeni

Mfadhili anatuma euro 12,000 mwezi Machi, benki inabadilisha kwa 2,700, zinaingia 32,400,000. Septemba anatuma 8,000 kwa 2,850, zinaingia 22,800,000. Jumla ni 55,200,000 kwa euro 20,000, wastani wa 2,760. Kama mmetumia milioni 40, taarifa kwa mfadhili inasema 40,000,000 gawanya kwa 2,760, yaani euro 14,492.75. Msitumie kiwango cha mtandaoni cha siku mnayoandika ripoti, wala kiwango kilichokuwa kwenye bajeti. Kiwango ni kile ambacho benki ilikitumia kweli, na hati ya benki yenye kiwango hicho ibanwe kwenye stakabadhi ya mapokezi. Wafadhili wengine wanataka kila awamu imalizwe kwa kiwango chake kabla ya kugusa inayofuata; someni mkataba, mtumie njia moja mwaka mzima.

Kodi na makato

Kusajiliwa kama NGO hakuwaondolei kodi. Ili kutambuliwa kama taasisi ya hisani chini ya kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato, mnaomba kwa Kamishna na kupata uamuzi wa maandishi. Hata mkiupata, ninyi bado ni mwajiri na mnunuzi wa huduma, na PAYE (kodi ya mshahara) na zuio hubaki palepale.

Mtumishi wa mshahara wa 600,000: NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) asilimia 10 ni 60,000, linabaki 540,000 la kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazitozwi, 250,000 zinazofuata ni asilimia 8, yaani 20,000, na 20,000 zilizobaki ni asilimia 20, yaani 4,000. PAYE ni 24,000, mtumishi anachukua 516,000. Shirika linaongeza NSSF yake 60,000 na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi asilimia 0.5, yaani 3,000. Gharama halisi ni 663,000. Ukiandika 600,000 kwenye bajeti ya mfadhili, kila mtumishi atakupungukia 756,000 kwa mwaka, na fedha hiyo itachotwa kwenye fungu lisilo lake. Wakifika watumishi 10, waulizeni TRA pia kuhusu tozo ya ufundi stadi.

Kodi ya zuio husahaulika zaidi. Mtaalamu mkazi akilipwa milioni moja kwa huduma ya kitaalamu, zuieni asilimia 5, mpelekeeni 950,000 na cheti cha zuio. Pango la ofisi ni asilimia 10. Wenye nyumba wengi husema "mimi nataka laki tatu yangu mkononi". Basi mkataba uandikwe 333,333, mpeleke 33,333 TRA na yeye achukue laki tatu. Ni ghali zaidi, lakini ni bei ya kweli, na ijulikane wakati wa kupanga bajeti. PAYE na zuio hulipwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha. Ritani ya mwaka, ikiambatana na hesabu, huwasilishwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu: mwaka ukiisha Desemba 31, mwisho ni Juni 30.

Kufunga mwaka

Fedha taslimu ihesabiwe Desemba 31 jioni, noti kwa noti, mbele ya watu wawili, karatasi isainiwe. Kama mtunza fedha anakwenda kwao kwa Krismasi, akabidhi funguo na hesabu kwa maandishi kabla ya kupanda basi. Kuhesabu Januari 6 na kuandika tarehe ya Desemba 31 ni uongo unaogundulika kwa kulinganisha na vocha za wiki ile.

Kisha pitieni vocha za Januari na Februari mkitafuta gharama za mwaka uliopita: ankara ya umeme wa Desemba, ada ya ukaguzi wenyewe, posho za mwezi wa 12 zilizolipwa baadaye. Hizo ni madeni ya mwaka uliopita. Fedha ya mfadhili iliyopokelewa kwa kazi ya mwaka ujao isihesabiwe kama mapato mliyokwisha kuyatumikia. Fuateni masharti ya mkataba, na sehemu inayosubiri kazi ikae kwenye mizania (taarifa ya mali na madeni) kama dhima, yaani deni.

Mali za kudumu ndizo huleta ugomvi kati ya ripoti ya mfadhili na hesabu za shirika. Pikipiki ya 3,600,000 iliyonunuliwa Aprili 1: kwa mfadhili yote ni matumizi ya mwaka huu, fedha yake imetoka. Kwenye hesabu za shirika ni mali, ikidumu miaka minne uchakavu ni 900,000 kwa mwaka, na kwa miezi tisa ni 675,000. Tofauti ya 2,925,000 si kosa. Ni kosa mkishindwa kuieleza. Andaeni ukurasa mmoja unaoanza na jumla ya ripoti za wafadhili na kuishia kwenye jumla ya hesabu za mwaka, kila tofauti na sababu yake. Mkaguzi atawashukuru. Rejista ya mali iwe na namba iliyoandikwa kwa rangi kwenye kitu chenyewe, mahali kilipo na mfadhili wake; nendeni mkakione kwa macho, hata kile cherehani kilichopelekwa Kilolo.

Seti ya hesabu ina mizania, taarifa ya mapato na matumizi, mabadiliko ya mfuko, mtiririko wa fedha, na maelezo. Viwango ni vya kimataifa (IFRS), na mashirika madogo hutumia IFRS ya taasisi ndogo na za kati. Pamoja nazo kuna ripoti ya wasimamizi wa shirika, ambayo NBAA (Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu) iliiwekea kiwango chake, TFRS 1, kilichoanza kutumika kwa vipindi vya Januari 2021 na kuendelea. Ripoti hiyo inaandikwa na bodi. Bodi nyingi humwachia mkaguzi aiandike, kisha husaini sentensi zinazosema wamepitia hatari za shirika wakati hawajakaa kikao hata kimoja.

Mkaguzi

Mtafuteni Oktoba, si Februari. Awe amesajiliwa na NBAA na kampuni yake ina kibali cha kufanya ukaguzi. Hakikini kwa NBAA yenyewe, msitegemee mhuri. Ombeni nukuu tatu, na mkiona moja iko chini sana ya nyingine, ulizeni atakaa ofisini siku ngapi na atakuja na watu wangapi. Mkaguzi asiyekanyaga stoo Mafinga hawezi kusema lolote juu ya mahindi. Bodi imteue kwa muhtasari wa kikao, kisha isainiwe barua ya makubaliano inayotaja kazi, muda, ada na tarehe ya rasimu. Aliyewaandikia vitabu asiwakague. Kama mfadhili anataka ukaguzi wa mradi wake peke yake, lisemeni mapema: hiyo ni ripoti nyingine yenye masharti mengine, na kuiomba mwisho huongeza ada.

Siku anapofika awe na meza, umeme, na faili hizi mezani: katiba na cheti, mihtasari ya bodi, mikataba ya ufadhili, urari (orodha ya bakaa za akaunti zote), leja, usuluhishi wa miezi 12, taarifa za benki na za simu, vocha kwa mpangilio, mishahara na stakabadhi za TRA na NSSF, rejista ya mali, kadi za stoo, barua ya hoja za mwaka jana na mlivyozijibu. Benki ataiandikia mwenyewe kuthibitisha bakaa. Ninyi mnasaini tu ruhusa, jibu linakwenda kwake moja kwa moja. Likipitia mikononi mwenu halina thamani.

Vocha ikikosekana, semeni imekosekana. Kutengeneza risiti usiku ili izibe pengo kunageuza hoja ndogo ya kumbukumbu kuwa jambo la udanganyifu, na mkaguzi ana wajibu wa kitaaluma kulifuatilia.

Mwishoni hutoa vitu viwili. Barua kwa menejimenti ina udhaifu aliouona. Ijibiwe hoja kwa hoja, kwa jina la mhusika na tarehe, wala si "tumepokea, tutafanyia kazi". Na hati yenyewe: safi, yenye shaka, yaani hesabu ni sawa isipokuwa eneo lililotajwa, isiyoridhisha, hesabu kwa ujumla zinapotosha, au mkaguzi kushindwa kutoa maoni kwa kukosa ushahidi. Hati yenye shaka kwa ajili ya michango taslimu ya harambee ni ya kawaida, kwa kuwa mkaguzi hawezi kujua ambacho hakikuandikwa. Dawa yake ni vitabu vya stakabadhi vyenye namba na watu wawili kuhesabu kikapu papo hapo.

Bodi ikishapitisha na kusaini, pakieni hesabu kwenye mfumo wa Msajili pamoja na taarifa ya kazi, mkifuata tarehe ya mwisho iliyotangazwa mwaka huo, na mchapishe uthibitisho wa kupokelewa. Pelekeni TRA, kwa wafadhili, na nakala ibandikwe ubao wa matangazo wa ofisi. Sheria ya kodi inataka kumbukumbu zitunzwe angalau miaka mitano. Mikataba mingi ya ufadhili husema saba, na hapo hufuatwa ndefu zaidi. Maboksi yawe juu ya mbao, mbali na sakafu na ukuta wa upande wa mvua, mwaka uandikwe pande mbili, na ndani ya kila boksi iwemo karatasi yenye namba za vocha zilizomo, kutoka ipi hadi ipi.